Kipunji wa Rungwe huhesabiwaje?

Tukiteremka Mlima Rungwe tumelowa chapachapa, wenyeji huku Tukuyu hutuuliza: mnawahesabuje, na hata kuwaona ni shida?

Swali ni la haki. Kipunji ni kima wa juu mitini, mwenye manyoya marefu ya kahawia na shungi kichwani. Jina lake ni la Kinyakyusa. Wawindaji walimjua zamani, wanasayansi wakaja kumwona mwaka 2003. Mwaka 2006 vinasaba vilionyesha yuko karibu zaidi na nyani, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Anaishi Tanzania tu: Rungwe, msitu wa Livingstone katika Hifadhi ya Kitulo, na msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, upande wa Iringa.

Mnyama mchache namna hii ukimkadiria kwa kupita njia moja msituni, unaweza kukosea sana. Kwa hiyo tunatafuta kila kundi. Tunaanza alfajiri kwa kusikiliza mlio wake, ulio kati ya kubweka na honi, kisha tunalifuata kundi mpaka livuke mahali pa wazi, mmoja baada ya mwingine, ndipo tunahesabu. Tunarudia, maana watoto hujificha vifuani mwa mama zao. Makundi mawili yakiwa jirani, watu wawili huyaangalia kwa saa ileile, wasihesabiwe mara mbili.

Hesabu ya kwanza kamili, iliyotolewa mwaka 2008, ilipata kipunji 1,117 katika makundi 38. Ndundulu walikuwa 75 tu. Miti ilikatwa kwa mbao na mkaa, na mitego ilikuwa mingi. Kitulo ilikuwa imetangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Rungwe ikawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, doria zikaongezeka. Hesabu iliyorudiwa miaka zaidi ya 10 baadaye ilikuta kipunji wa Rungwe na Kitulo wameongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndundulu hawakubadilika sana, na kundi dogo hivyo linanitia wasiwasi kuliko yote: ugonjwa mmoja unatosha kulimaliza.

Kwa mkulima wa mahindi kando ya msitu, ongezeko hili lina uchungu wake, na hatulipuuzi. Kipunji wakiingia shambani, tafadhali usiwaachie mbwa. Mwambie askari wa hifadhi siku hiyohiyo, ukimtajia idadi yao na upande waliotokea. Huenda ni kundi ambalo hatujawahi kuliandika.