Bei ya miwani ya uhalisia mseto imo kwenye lenzi na skrini

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: miwani hii, inayovaliwa usoni na kuchanganya picha za kompyuta na mazingira halisi, itashuka bei lini? Wengi wanadhani kilicho ghali ni chipu. Mimi kazi yangu ni vioo na skrini, kwa hiyo jibu langu huanzia hapo.

Mezani kwangu ninazo miwani mbili za Meta, Quest 3 na Quest 3S. Chipu yao ni ileile. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, ya pili mwaka mmoja baadaye kwa dola 299. Ukiishika 3S dirishani na kuinamisha lenzi yake, utaona duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Hiyo ni lenzi ya Fresneli, kipande cha plastiki kilicho rahisi kutengeneza. Nyuma yake kuna skrini ya kiwango cha Quest 2, ya mwaka 2020. Lenzi ya Quest 3 haina duara hata moja. Ni laini na nyembamba, nasi tunaiita pankeki.

Pankeki huikunja njia ya mwanga ili miwani isitokeze mbele ya uso kama boksi. Lakini mwanga unakutana mara mbili na kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Nusu ya nusu ni robo, na hiyo ni kabla ya hasara nyingine. Skrini ikiwa ya OLED, yaani ile ambayo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, nusu ya robo hiyo inapotea tena kwenye kichujio cha mwanga, inabaki sehemu moja ya nane. Basi inabidi skrini iwake kwa nguvu mno, nayo inakula betri na kutoa joto.

Vision Pro, miwani ya Apple, iliingia sokoni Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499. Skrini zake mbili za OLED, kila moja ndogo kama stempu ya barua, zina pikseli (nukta za picha) milioni 23 kwa pamoja, na zimejengwa juu ya silikoni kama chipu. Doa moja la vumbi kiwandani linatosha kuiharibu skrini nzima. Oktoba 2025 Apple waliweka chipu mpya ya M5, na bei haikusogea hata senti. Mwezi huohuo Samsung wakatoa miwani yao ya Galaxy XR, yenye skrini za aina hiyohiyo, kwa dola 1,799. Habari hiyo ilinifurahisha sana, kwa kuwa sasa teknolojia hii inapatikana kwa karibu nusu ya bei.

Tusisahau kwamba bei ya chini ina mtu anayeibeba. Kitengo cha Meta kinachotengeneza miwani hii kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17 mwaka 2024. Uvumilivu huo una kikomo: Agosti 2022 Quest 2 ilipanda kutoka dola 299 hadi 399, bila kubadilishwa chochote cha maana ndani yake.

Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, ongeza usafiri na VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara. Hata hivyo, kwa anayejifunza kutengeneza programu au mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi moyo unavyopiga, 3S inatosha leo. Ila kama kazi yako ni kusoma maandishi madogo kutwa nzima, mimi ningesubiri skrini za silikoni zishuke chini ya dola 1,000.