Kompyuta imesema jino limeoza: kabla hujakubali litobolewe

Kuna swali naulizwa sana siku hizi, wagonjwa wananiuliza na madaktari vijana ninaowafundisha pia wananiuliza: musawo (yaani daktari), hii AI ya meno, hii akili bandia, ni ya kuamini kweli? Mimi huwa nawarudishia maswali mawili: nani amekagua kile ilichosema, na ikikosea nani atajibu? Kama kliniki haina jibu la hayo mawili, basi hata programu iwe nzuri namna gani, hapo mgonjwa hayuko salama.

Tuanze na kazi yenyewe. Programu nyingi za meno zinasoma picha za eksirei. Zimefundishwa kwa picha maelfu kwa maelfu ambazo madaktari walishaziwekea alama, hapa pameoza, hapa mfupa umeshuka, hapa kuna jipu kwenye ncha ya mzizi, halafu ukiipa picha mpya inakuchorea visanduku vya rangi ndani ya sekunde chache tu. Kule Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, iliruhusu programu ya Overjet mwaka 2021 na ya Pearl mwaka 2022, na ziliruhusiwa kama msaidizi wa daktari, uamuzi ukabaki kwa daktari. Nyingine nyingi zinauzwa kupitia intaneti kwa malipo ya kila mwezi, kwa hiyo mwenye kliniki wa Kampala au Mbarara anaweza kujiunga leo leo hata kama hakuna mtu yeyote aliyemfundisha kuitumia.

Na zinasaidia kweli, sitaki mtu anielewe vibaya. Daktari ameamka saa kumi na moja, ameona wagonjwa tangu asubuhi, jioni macho yamechoka, kale ka kuoza kadogo katikati ya magego mawili kanampita kabisa na programu inakaona. Pia mgonjwa akioneshwa kwenye skrini mfupa wake ulivyoshuka kwa ugonjwa wa fizi anaelewa haraka kuliko kuhubiriwa nusu saa. Hizo ni faida na nazikubali.

Sasa tuangalie pale panapoharibika. Mama anakuja, gego la chini linamsumbua akinywa chai ya moto. Anapigwa picha, programu inachora kisanduku chekundu shingoni mwa jino, pale karibu na ufizi, inaandika kuoza. Lakini pale shingoni lile tabaka gumu la nje linaishia na mfupa unaoshika jino haujaanza, kwa hiyo miale inapita kirahisi na picha inatoka na kivuli cheusi hata kama jino ni zima kabisa. Kila mwanafunzi wa meno anafundishwa kivuli hiki, na programu nazo zinajaribu kukitofautisha ila bado zinaweza kudanganyika, hasa picha ikipigwa kwa pembe mbaya. Daktari anayejua kazi yake anakausha lile jino kwa hewa, anasogeza taa, anapitisha kifaa polepole shingoni asikie kama pagumu au pamelainika, anagonga jino kidogo, anaweka kitu cha baridi na kuangalia maumivu yanakaa muda gani, anamwuliza mama kama yanamwamsha usiku. Dakika chache tu. Akiziruka hizo dakika anatoboa jino zima, na jino likishatobolewa halirudi, kwa sababu lile tabaka la nje mwili hauna uwezo wa kulitengeneza tena.

Na hata kama kweli pameoza, si kila kuoza kunahitaji mashine ya kutoboa. Doa ambalo bado halijafungua tundu linaweza kusimamishwa kwa floraidi, kupiga mswaki vizuri na kupunguza sukari, daktari akawa analifuatilia. Programu inakuonesha doa, haijui kama mtu huyu anapiga mswaki, anakunywa soda ngapi, atarudi baada ya miezi sita au hatarudi.

Hapa niseme wazi kitu kinachoniuma. Programu inayoona mashimo mengi inaleta pesa nyingi, na kuna wauzaji wanaosema hivyo hivyo mbele ya mwenye kliniki, eti mapato yatapanda. Mimi naona hiyo ndo hatari kubwa kuliko hata kompyuta kukosea, kwa sababu mgonjwa wetu analipa kutoka mfukoni, ameuza kuku au amekopa kwenye sako, chama cha akiba na mikopo, anaoneshwa visanduku vyekundu sita kwenye skrini na anaogopa. Nani atabishana na skrini? Kwa hiyo wenzangu, msimwoneshe mgonjwa skrini kabla hamjaangalia mdomo wake kwa macho yenu. Angalia kwanza, andika unachokiona, halafu ndo ufungue programu ulinganishe. Ukianza na visanduku jicho lako litafuata visanduku. Na tafadhali mtu asipigwe eksirei ambayo hakuihitaji eti kwa sababu programu inataka picha ya kusoma, mionzi ni mionzi, ndo maana mashine hizo zinahitaji leseni ya Atomic Energy Council, baraza la serikali linalosimamia mionzi.

Jambo lingine, midomo iliyofundisha programu hizi mara nyingi si midomo ya huku kwetu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliangalia programu ya kusoma nimonia kwenye picha za kifua, wakakuta imejifunza kutambua picha imetoka hospitali gani, na ilipopelekwa kwenye picha za hospitali nyingine uwezo wake ukashuka. Hiyo ni ndani ya nchi moja. Sasa fikiria imetoka huko imekuja Uganda.

Huku tuna ebinyo. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, ufizi umevimba pale chonge itakapotokea, watu wanasema ni meno ya uongo, anapelekwa kwa mtu anayechokoa ufizi kwa waya wa spoku ya baiskeli mpaka kijino kitoke. Yule mtoto akikua chonge yake ya ukubwani inaweza kukosekana au kutoka imepinda na imeharibika. Programu inayohesabu meno ikikutana na taya kama hilo inaweza kuyapa meno namba zisizo zake, na daktari asiyekagua anaandika kwenye faili jino ambalo silo. Na huko Kisoro na Kasese kuna sehemu ambazo maji yana floraidi nyingi, watoto wanakua na meno yenye madoa meupe au ya kahawia, sasa apu ya simu inayosoma picha ya kamera inaweza kuyaita yote kuoza.

Lakini linalonitisha zaidi ni la watoto na taya. Mwaka 1958 Dokta Denis Burkitt, akiwa anafanya kazi hapa hapa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, na leo hiyo saratani dunia nzima inaitwa kwa jina lake. Anakuwa mtoto wa miaka 5, 6, 7 hivi, meno yanalegea bila kuoza, taya linavimba, mzazi anadhani ni jino tu. Uvimbe huu una haraka ya ajabu, seli zake zinaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili, ila ukiwahiwa unatibika kwa dawa. Programu ambayo haijawahi kuona taya kama hilo inaweza kusoma jipu, mtoto anapewa antibiotiki anarudishwa nyumbani, na wiki mbili zinapotea. Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo pale Mulago tangu 1967 na ilianza kwa sababu ya saratani za namna hii. Daktari akiona meno ya mtoto yanalegea na taya limejaa, asingoje kompyuta ikubaliane naye, ampeleke haraka.

Kwa hiyo kliniki inayotaka kuanza, kabla hujalipa, chukua picha zako za zamani ambazo tayari unajua mwisho wake, jino lilifunguliwa likakutwa nini, na hakikisha kuna za watoto, za wazee, za mashine ya zamani isiyotoa picha safi. Ondoa majina, ipe programu isome, uhesabu ilipopata, ilipoona kitu ambacho hakipo, na ilipopitwa. Muuzaji akikukatalia majaribio hayo usinunue. Na ukishaanza, kwenye faili la mgonjwa andika programu ilisema nini na wewe ulikubali au ulikataa kwa sababu gani, maana siku ya lawama Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno halitaita kompyuta, litakuita wewe mwenye leseni.

Halafu kuna hii tabia ya kupiga picha ya eksirei kwa simu na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp au kuipakia kwenye chatbot ya bure, hizi programu za AI unazochati nazo, wenzangu hii ni nini? Jambo hili lina sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimewekwa kwenye kundi linalolindwa zaidi. Ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Kupeleka data kwenye kompyuta zilizo nje ya Uganda kuna masharti yake, ama huko nako kuna ulinzi unaolingana na wetu ama mwenyewe amekubali. Kliniki inatakiwa iwe imesajiliwa na ofisi ya ulinzi wa data binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na mtu anayetoa data ya watu kinyume cha sheria anaweza kufungwa mpaka miaka 10. Usijidanganye kwamba umefuta jina pembeni ya picha basi imetosha, jina la faili lenyewe mara nyingi ni jina la mgonjwa, na meno yenyewe yanamtambulisha mtu, ndo maana maiti zilizoungua zinatambuliwa kwa meno.

Sasa ninyi wagonjwa. Najua mnauliza chatbot kabla ya kuja, na sina neno kama unauliza jinsi ya kupiga mswaki au maana ya neno ulilosikia kliniki. Ila zinaweza kutunga jibu la uongo kwa sauti ya kujiamini, Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe lilionya kuhusu hilo Januari 2024, na ukiuliza kwa Kiswahili au Lusoga inaweza kukosea zaidi kuliko Kiingereza. Usichukue jibu lake ukaenda nalo duka la dawa kununua amoksisilini. Antibiotiki haitibu jino lililooza, maumivu yanatulia siku mbili tatu na jipu linaendelea kuchimba. Uvimbe ukishuka chini ya taya, kumeza kukawa shida, mdomo haufunguki au pumzi inabana, hiyo ni ya hospitali usiku huo huo, panda hata boda, simu iache mfukoni.

Na ukiwa kwenye kiti usione aibu kuuliza. Musawo, hili umeliona wewe au limeonwa na kompyuta? Ukilisubirisha miezi mitatu litakuwaje? Picha yangu inakaa wapi, na nani mwingine anaiona? Daktari mzuri hakasiriki, anakuonesha kwa kioo. Sheria hiyo hiyo ya 2019 inakupa haki ya kuandika barua na kutaka uamuzi mkubwa unaokuhusu usitolewe na mashine peke yake. Ukitaka nakala ya eksirei yako iombe, uipeleke kwa daktari wa pili kabla ya kulipa hela nyingi. Na kama unaona umetobolewa meno bila sababu, daktari analalamikiwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, afisa wa afya ya meno ambaye si daktari yuko chini ya Allied Health Professionals Council, baraza la wahudumu wa afya wasio madaktari, na la picha zako kusambazwa unalipeleka kwa ofisi ya data. Beba risiti, nakala ya picha, na tarehe uliyotibiwa.