Mtoto wa kwanza wa S.6B hakuwa Spitfire

Kila nikiitaja Supermarine S.6B, ndege ya mashindano ya Uingereza, hakosi mtu wa kudakia: "Si ndiyo iliyozaa Spitfire, ile ndege ya kivita?" Zote ni kazi ya R. J. Mitchell, mbunifu wa ndege wa Supermarine, kweli, na pua ndefu wanafanana. Ila mimi ni mtu wa injini, ukoo wa ndege naufuata kwa njia ya joto, yaani jinsi injini inavyopozwa.

S.6B iliundwa kwa Kombe la Schneider la 1931, mashindano ya ndege za kutua majini. Injini yake, Rolls-Royce R ya lita 36.7, ilitoa nguvu za farasi 2,350. Moto wa kiasi hicho ukiufungia rejeta ya kawaida, upepo unaikamata na kasi inakwisha. Mitchell akaifanya ngozi ya ndege yenyewe kuwa rejeta. Mabawa yalivikwa bati mbili, maji ya injini yakapita katikati yake. Mgongo wa maboya, yale ya kuielesha ndege majini, nao ukapoza maji. Oili ilipita ubavuni, ikapanda ndani ya pezi la mkia, ikarudi imepoa. Petroli ilikaa kwenye maboya, la kulia likipewa zaidi, maana msokoto wa propela ulilikandamiza la kushoto majini. Ujanja huo wa mwisho naupenda kupita yote: hauna hata skrubu moja ya ziada.

Alipotakiwa kubuni ndege ya kivita, Mitchell alirudia kupoza kwa mabawa. Ndege hiyo, Type 224 ya 1934, iliyaacha maji yageuke mvuke, kisha mvuke upoe kwenye kingo za mbele za mabawa. Ikawa inachemka ovyo, na jeshi likaikataa. Huyo ndiye mtoto halali wa S.6B. Hata ingepoa, bawa lililojaa mvuke ungelipeleka vitani?

Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936, ilirudia rejeta, safari hii ikiwa imefichwa ndani ya mfereji chini ya bawa. Urithi wenyewe ulitoka kwenye chumba cha majaribio ya injini ya R, walikovunja vali na kranki wakitafuta injini idumu saa moja tu kwa nguvu zote: supachaja kubwa (pampu ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), vali zenye sodiamu ndani, petroli iliyotiwa madini ya risasi.

Pima Griffon, injini ya Spitfire za baadaye. Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vilevile vya R, lita 36.7. Ndege za Shackleton ziliruka na Griffon nne nne katika jeshi la anga la Uingereza hadi 1991.