Umeme wa yoti una hesabu yake: dhana potofu na ukweli

Mtu aliyezoea umeme wa nchi kavu akipanda yoti ya injini huona soketi ukutani, friji jikoni na kiyoyozi chumbani, akajiona yuko nyumbani. Hayuko. Nchi kavu kuna shirika linalozalisha umeme usiku na mchana, kazi yako ni kulipa tu. Chomboni shirika ni wewe. Kila wati imetoka kwenye alterneta, jenereta, sola au kebo ya gatini, na katikati kuna betri yenye tabia zake. Karibu dhana zote potofu kuhusu jambo hili zina mzizi mmoja: watu huuliza kifaa kina ukubwa gani, badala ya kuuliza kinakula ampea ngapi, kwa saa ngapi, na nani atazirudisha.

“Mita inasoma 12.6, betri imejaa”

Hii imeenea hata kwa mafundi. Volti za betri husema kweli pale tu betri ilipopumzika, yaani haichajiwi wala haivutwi kitu kwa saa kadhaa. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Ikibaki nusu husoma karibu 12.2. Kati ya kujaa na kubaki nusu kuna nusu volti tu, na vifaa vingi vya chomboni vinaweza kuisogeza namba hiyo zaidi ya hapo.

Zima chaja, weka mita palepale: inasoma 13 na ushei. Hiyo ni chaji ya juujuu kwenye mabamba. Washa taa na pampu ya maji kwa dakika chache, namba inateremka. Sasa fanya kinyume, upime huku winchi ya nanga ikivuta. Utaona 11 na kitu, utasema betri imekufa. Achia swichi, subiri, namba inapanda tena. Betri ni ileile.

Kwa lithiamu ya aina ya LiFePO4 volti hazisaidii kabisa. Sehemu kubwa ya chaji yake hukaa karibu na 13.1 au 13.2, kisha ikikaribia kuisha huporomoka ghafla. Ukiisubiri namba ikuonye, itakuonya gizani.

Kinachofaa ni mita ya betri yenye shanti, kipande cha metali ambacho umeme wote hupitia ili upimwe, inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka. Shanti hufungwa kwenye waya wa hasi, na sharti lake ni moja: kila hasi ya chombo ipite hapo. Fundi akifunga redio mpya na kuibana hasi yake moja kwa moja kwenye nguzo ya betri kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, ampea za redio hiyo hazihesabiwi. Baada ya muda mita inasema asilimia 90 huku taa zinafifia, na lawama inaiangukia mita.

“Betri za ampea-saa 200 zinanipa 200”

Zinakupa 200 maabara, zikivutwa polepole, ampea 10 kwa saa 20. Betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu ya hapo. Isitoshe, ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaifupishia maisha, kwa hiyo 200 tayari imekuwa 100. Halafu, ukiwa umetia nanga na unachaji kwa injini au jenereta, ni nadra sana kuijaza hadi juu, maana asilimia 20 za mwisho huchukua saa nyingi. Wengi huishia kucheza kati ya asilimia 50 na 80. Hapo ni ampea-saa 60 za kutumia, kwenye betri zilizoandikwa 200. Lithiamu ya ukubwa huohuo inaweza kukupa 160 bila kulalamika, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuinunua, si wepesi wake.

Ampea-saa 60 ni kitu gani? Chukua friji la volti 12 ambalo kompresa yake inavuta ampea 5 na kufanya kazi nusu ya muda. Kwa siku moja limekula 60. Limemaliza zote peke yake.

Hapa watu hushangaa, kwa sababu wanaloliogopa ni birika. Kweli, birika la wati 2000 likipitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, huvuta kama ampea 185 kutoka kwenye betri za volti 12, na betri ndogo au nyaya nyembamba zitaifanya inveta ilie na kuzima. Lakini dakika tano za birika ni ampea-saa 15 tu. Birika linatisha, friji ndilo linalomaliza. Anayetaka kupunguza matumizi aanze na kinachofanya kazi siku nzima: friji, vifaa vya urambazaji vilivyosahauliwa vikiwaka, inveta iliyoachwa wazi usiku kucha kwa ajili ya chaja moja ya simu. Taa ya nanga ya balbu ya zamani ya wati 10 hula kama ampea-saa 10 kwa usiku mmoja. Ya LED hula mbili au tatu. Badiliko la balbu moja, na ni la kudumu.

“Nikiwasha injini saa moja, betri zinajaa”

Alterneta iliyoandikwa ampea 100 hutoa 100 ikiwa baridi na inazungushwa kwa kasi. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila mzigo, hutoa sehemu ndogo ya hizo, na ikishapata joto hushuka zaidi. Lakini hata ungekuwa na alterneta kubwa mara mbili, betri ya risasi yenyewe ndiyo inayoamua inameza kiasi gani. Ikiwa nusu inameza kwa pupa, kisha inaanza kukataa: ampea 60, halafu 30, halafu 10, ingawa volti ziko palepale kwenye 14.4. Kuiungurumisha injini saa nzima mkiwa mmetia nanga, moshi unawarudia abiria, ili uongeze zile asilimia za mwisho, ni kuchoma dizeli bure. Hizo za mwisho ni kazi ya sola au chaja ya gatini, vitu vinavyoweza kukaa saa nyingi bila kumsumbua mtu. Na lazima zijazwe mara kwa mara, la sivyo salfeti inagandia mabamba na betri inakufa kabla ya wakati wake.

Lithiamu ina tatizo la kinyume chake. Haikatai. Itameza kila ampea inayopewa, na alterneta ya kawaida haikuundwa kufanya kazi kwa nguvu zote muda mrefu, kwa hiyo inajichemsha hadi koili zinaungua. Ndiyo maana kubadilisha betri za risasi kwa lithiamu si kazi ya kutoa na kupachika tu. Unahitaji regyuleta ya nje, yaani kidhibiti cha chaji, inayopima joto la alterneta, au chaja ya kati inayobana ampea baina ya betri ya stata na betri za matumizi.

Kuna na hatari ya pili. Ubongo wa betri ya lithiamu ukiona volti zimezidi hukata mawasiliano papo hapo. Alterneta iliyokuwa inasukuma ampea 80 inabaki haina pa kuzipeleka, volti zinaruka juu, na daiodi zake zinakufa pamoja na kifaa chochote kilichokuwa kwenye saketi hiyo. Matokeo ni yaleyale ukizungusha swichi kuu ya betri hadi OFF huku injini inawaka. Kama swichi hiyo iko mahali ambapo mgeni anaweza kuigusa, ihamishe.

“Jenereta kubwa ndiyo usalama”

Jenereta la dizeli linalobeba mzigo mdogo siku zote halipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye njia ya moshi na kuta za silinda zinang’aa kama kioo. Linataka mzigo, tuseme nusu hadi robo tatu ya uwezo wake. Kinachowafanya watu wanunue kubwa kupita kiasi ni kiyoyozi, kwa kuwa kompresa ikiwaka huvuta kwa sekunde moja mara kadhaa ya ampea zake za kawaida. Funga kifaa cha kuiwasha polepole, au viwashe viyoyozi kimoja baada ya kingine. Na ukiliwasha kwa ajili ya kiyoyozi, hapohapo washa chaja na hita ya maji, ulipe mzigo lilioutaka.

“Nikishachomeka gatini, basi”

Soketi ya gatini ya ampea 16 kwa volti 230 ni kilowati 3.7. Ya ampea 32 ni 7.4. Ile ya ampea 30 kwa volti 120 inayotumika Marekani ni 3.6. Hita ya maji, oveni na kiyoyozi vikiwaka pamoja, kikata umeme kinaruka.

Kibaya zaidi ni pale kisiporuka. Ukifunga kwenye kituo cha mwisho cha gati ndefu na majirani wote wanavuta umeme, volti hushuka. Hita itapoa tu, lakini mota ya kompresa huvuta ampea zaidi kujaribu kufanya kazi ileile, na joto linaiua taratibu. Voltimita ya upande wa gati haina budi kuwa mahali unapoiona. Kuhusu hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde: Marekani ni 60, Ulaya ni 50. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota nyingi zilizoundwa kwa 60 zikiwekwa kwenye 50 huzunguka pungufu kwa kama moja ya sita na kuchemka. Chaja nyingi za kisasa hazijali.

Kisha angalia plagi yenyewe. Chomoa kebo na uitazame mwangani. Pini iliyogeuka rangi ya kahawia, plastiki iliyolainika upande mmoja, harufu ya kuungua: mguso umelegea au umeshikwa na chumvi, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Kikata umeme hakitaona chochote, kwa sababu ampea hazijazidi. Plagi ya namna hiyo haisuguliwi kwa msasa ikarudishwa, inatupwa pamoja na soketi iliyoshikana nayo. Na kabla ya kuchomoa au kuchomeka, zima kwanza mzigo, usichomoe ukiwa unawaka.

“Zinki zinaisha haraka, kata waya wa eathi”

Ushauri huu unatolewa kwa nia njema, na unaweza kuua.

Chanzo chake ni cha kweli. Waya wa eathi wa kebo unaunganisha chombo chako na vyombo vyote vilivyochomekwa gatini. Metali tofauti zilizounganishwa kwa waya na kuzama kwenye maji yaleyale ya chumvi zimekuwa betri, na inayolika ni ile dhaifu. Zinki zako, vile vipande vinavyofungwa chini ya chombo vilike badala ya rafadha, zinaweza kuwa zinailinda rafadha ya jirani asiyebadilisha zake. Zikiisha, inafuata ya kwako.

Lakini waya huohuo ndio njia ya umeme unaovuja kurudi nyumbani kwake. Ukiukata, na hita ya maji ikapata hitilafu, umeme utatafuta njia kupitia shafti hadi majini. Kwenye maji ya chumvi hutawanyika, maana maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko mwili. Kwenye maji baridi, ya ziwa au mto, mwili wa mtu ndio unaopitisha vizuri zaidi, na miliampea kumi na kitu zinatosha kukaza misuli hata mwogeleaji asiweze kupiga mkono. Watu hufa hivyo, na wanaotazama hudhani wamezama tu. Usiogelee kwenye gati lenye umeme.

Suluhisho lipo na halihitaji kukata kitu: kifaa cha daiodi kwenye waya wa eathi kinachozuia ile volti ndogo ya metali, kama volti moja na ushei, na kuacha umeme wa hitilafu upite, au transfoma ya kutenganisha, ambayo ni nzito na ghali lakini inamaliza habari yote. Pamoja na hayo, kikata umeme cha kuvuja cha miliampea 30, kinachojaribiwa kwa kitufe chake kila mwezi.

“Fyuzi inalinda kifaa”

Inalinda waya. Ukiondoa ya ampea 10 na kuweka ya 30 kwa sababu ya 10 inakatika, umeugeuza waya kuwa hita ndani ya ukuta wa mbao. Na ikae karibu na betri, maana kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

“Nimezima swichi kuu, hakuna kinachotumia”

Pampu ya ngama, ya kutoa maji yaliyojikusanya chini ya chombo, lazima iwe imefungwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, isipite swichi kuu, ili chombo kisizame siku hakuna mtu. Na huko nyuma ya swichi huwa kuna vingine: kengele ya gesi, kumbukumbu ya redio, kifaa cha kufuatilia chombo. Nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na kwa wiki mbili ni 168, zaidi ya nusu ya zile 200. Kabla ya kukiacha chombo kwenye boya, pima huo uvujaji kwa mita huku swichi ikiwa imezimwa. Ukishaujua, sola ya wati 100 yenye kidhibiti chake, inayorudisha kama ampea-saa 30 kwa siku ya jua zuri, inaubeba na kubakiza akiba kwa siku za mawingu.