Otofokasi: kamera inaamuaje kipi kitoke kikali?

Otofokasi ni uwezo wa kamera kusogeza vioo vilivyo ndani ya lenzi, bila mpigapicha kuzungusha pete kwa mkono, mpaka kitu kilicho umbali fulani kitoke kikali. Kinachochaguliwa hapo ni umbali. Ndege akiwa kwenye umbali huo, manyoya yake yatahesabika. Akiwa nje yake kidogo tu, utapata picha safi sana ya tope.

Tope nimelitaja makusudi. Watu hushuka mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, Kenya, kuwapiga picha ndege kama heroe na buabua, kisha wanarudi wakilalamika kwamba lenzi haishiki. Ukizikuza picha zao utaona lenzi imeshika barabara, ila imeshika wimbi lililo nusu mita mbele ya ndege.

Nusu mita ni nyingi mno kwa lenzi ndefu. Chukua lenzi ya milimita 600 ambayo tundu lake la mwanga limefunguliwa f/6.3, kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, kubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35), na ndege aliye mita 10 kutoka ulipo: sehemu itakayotoka kali, kutoka mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 10 tu. Heroe akikuelekea, jicho linaweza kuwa kali na mkia umeshafifia. Simu haikuonyeshi shida hii kwa sababu sensa yake ni ndogo na lenzi yake ni fupi, hivyo karibu kila kitu hutoka kikali. Ndiyo maana anayehama kutoka simu kwenda lenzi ndefu hudhani ameuziwa kitu kibovu.

Sasa kamera inaupimaje huo umbali? Kwenye kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi (DSLR), kioo hicho kiliteremsha sehemu ya mwanga hadi kwenye sensa ndogo ya pembeni, ambayo kazi yake ilikuwa fokasi peke yake. Kamera isiyo na kioo hupima kwenye sensa ileile inayopiga picha. Baadhi ya pikseli zake, yaani vidoa vidogo vinavyopokea mwanga, au zote kwa miundo mingine, hupokea mwanga wa upande wa kushoto wa lenzi kando na ule wa kulia. Funga jicho moja, kisha lingine, ukitazama kidole chako: kidole kinahama. Kamera nayo hulinganisha taswira mbili namna hiyo. Zikipishana, inajua isogeze lenzi upande gani na kwa kiasi gani. Zikilingana, imefika.

Ulinganishaji huo unahitaji kitu cha kulinganisha: ukingo, mstari, doa jeusi kwenye jeupe. Mdiria mweusi na mweupe anayeelea juu ya mto akipiga mabawa, kichwa kimetulia anatafuta samaki, ni zawadi kwa otofokasi, kwa kuwa mwili wake wote ni mistari inayokatana. Kiboko wa Sabaki ni kinyume chake. Ametoa masikio, macho na pua tu, rangi yake ni ya maji yenyewe, na mbele yake viwimbi vinameremeta. Kamera hukimbilia viwimbi. (Na tafadhali, usisimame kamwe kati ya kiboko na maji kwa ajili ya picha.)

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kwenye sensa nyingi pikseli hizo zimegawanywa kushoto na kulia, kwa hiyo huona vizuri mistari iliyosimama na hupata taabu na mistari iliyolala. Ufuo wa mto umejaa mistari iliyolala: ukingo wa maji, mawimbi, upeo wa bahari. Lenzi ikianza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kutua, inamisha kamera kidogo upande, ishike, kisha uinyooshe.

Kupima umbali ni kazi moja. Kumtambua mnyama ni kazi ya pili, na hizi mbili ndizo watu huzichanganya. Kamera kama Canon EOS R5 ya mwaka 2020 na Sony A1 ya 2021 zina programu iliyofunzwa kwa picha nyingi za ndege na wanyama, kiasi kwamba huchora kisanduku juu ya jicho na kulifuata. Ni msaada mkubwa kweli. Lakini programu hiyo inasoma kile ambacho sensa inakiona wakati huo. Kama lenzi imeachwa kwenye umbali wa mita tatu na ndege yuko mita arobaini, mbele ya sensa pana wingu la kijivu tu. Hakuna jicho la kutambua. Ndege anapita, nawe unabonyeza kitufe ukishangaa kile kisanduku kimekwenda wapi.

Dawa yake ni kuitayarisha lenzi kabla. Chagua kitu kilicho umbali wa pale unapotarajia ndege apite, gogo lililokwama kwenye mchanga au kijiti cha mkoko, shika fokasi hapo, kisha ngoja. Lenzi nyingi ndefu zina pia swichi ya kuzuia fokasi isije karibu mno. Iwashe, ili lenzi isipoteze muda kutafuta vitu vilivyo miguuni pako. Mimi naona tabia hii moja inaokoa picha nyingi kuliko kununua kamera mpya.

Kwa mnyama anayetembea au kuruka, weka kamera kwenye fokasi endelevu, inayoandikwa AF-C kwenye Sony na Nikon, na Servo kwenye Canon. Hapo kamera haipimi mara moja na kusimama. Inapima tena na tena, na kukisia mnyama atakuwa wapi picha itakapopigwa. Sony a9 ya mwaka 2017 ilitangazwa kufanya hesabu hiyo hadi mara 60 kwa sekunde. Hata hivyo ndege anayekuja mbio moja kwa moja usoni ni mgumu kuliko anayepita pembeni, kwa sababu umbali wake unabadilika upesi zaidi. Upepo unaweza kukusaidia. Ndege hupenda kutua na kuruka wakiukabili upepo, na wakiukabili huenda polepole juu ya ardhi. Msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini, basi, wengi watakuwa wanaelekea kusini wanapotua. Jipange kwa hesabu hiyo, jua la asubuhi likiwa mgongoni upande wa bahari. Na usiwakurupushe ndege waliopumzika ili upate picha ya kuruka. Wengine wametoka Ulaya na Asia, na kila wanapokurupushwa wanaunguza nguvu walizokuja kuzitafuta hapa.

Eneo la fokasi nalo linategemea mahali. Juu ya Sabaki, ambako nyuma ya ndege ni anga tupu, acha eneo pana na kamera itampata yenyewe. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke mambo hugeuka. Sengi mwenye kiuno cha manjano, mnyama mdogo wa msituni, anakwenda chini ya vichaka, akifukua majani makavu kwa pua yake ndefu, na kati yako naye pana vijiti ishirini. Eneo pana litashika kijiti cha kwanza. Punguza hadi nukta ndogo, uiweke kichwani pake, na uiambie kamera isubiri kidogo kabla ya kuhama jani likikatiza mbele. Kamera nyingi zina mpangilio huo kwenye menyu ya fokasi.

Kabla ya kuilaumu otofokasi, ikague picha. Kama mchanga wa mbele au majani ya nyuma ni makali na ndege amefifia, hapo fokasi imekosea umbali. Kama kila kitu kimeburuzika upande mmoja, fokasi haina kosa, shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwa muda mfupi, ndiyo ilikuwa ya polepole. Kwa ndege anayeruka anzia 1/2000 ya sekunde. Na kama picha nzima imekuwa laini, kingo zimetetemeka kama zinayeyuka, hilo ni joto linalopanda kutoka kwenye mchanga. Hakuna kamera inayolitibu. Punguza umbali, au njoo alfajiri siku ambayo maji yanajaa saa hizo, kwa kuwa maji yakipanda ndege wa matopeni husogezwa ukingoni, karibu na ulipokaa.