Mota ya pazia la rola: la zamani na jipya sio kitu kimoja

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "fundi, mota ipi nzuri?" na kila mara najibu kwa swali, pazia lipo tayari dirishani au bado halijatengenezwa? Maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Pazia likiwa la zamani, bomba lililopo, lile linalozungushiwa kitambaa, ndo linakuchagulia mota na wewe unafuata. Likiwa jipya unaanza na umeme, umeme unakupa aina ya mota, mota na upana wa dirisha vinakupa bomba, kitambaa kinakuja mwisho. Wengi wanaanzia kwenye mota, wameona imeandikwa nguvu kubwa na inaongea na simu, wananunua, afu ndo wananipigia kuuliza mbona haiingii.

Nianze na la zamani, huko ndo kwenye kazi.

Kama pazia linafanya kazi vizuri kwa cheni ya shanga na hutaki kulishusha, ipo mota ya nje inayofungwa ukutani au kwenye fremu na kuvuta ile ile cheni badala ya mkono wako. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa hovyo hii ni nzuri, naipendekeza bila wasiwasi, ila kuna vitu viwili lazima uvijue kabla. Cha kwanza ni shanga zenyewe. Cheni nyingi zina shanga za 4.5 mm na umbali wa 6 mm kutoka katikati ya shanga moja hadi katikati ya inayofuata, lakini sio zote, na gurudumu la mota lisipolingana na cheni yako itakuwa inaruka ruka hadi shanga zikatike. Mimi nalaza cheni kwenye rula, nainyoosha, napima kutoka katikati ya shanga ya kwanza hadi katikati ya shanga ya kumi na moja. Ikisoma 60 mm tuko sawa, ikisoma kingine natafuta gurudumu jingine. Cha pili ni uzito wa kuvuta. Nachukua ule mzani mdogo wa ndoano watu wanaopimia mabegi ya safari, nauning'iniza kwenye cheni navuta taratibu pazia lipande, huku naangalia namba. Inachosoma mzani unalinganisha na kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya mota. Mara nyingi utagundua kitambaa sio kizito hata kidogo, kizito ni klachi, ile plastiki ya pembeni yenye springi inayoshika pazia lisishuke lenyewe. Ikishazeeka au kujaa vumbi inakuwa ngumu, na mkono ulishazoea kwahiyo mwenye nyumba hajui. Badilisha klachi kwanza, ni kitu kidogo, halafu pima tena.

Na tafadhali sana, cheni inayobaki lazima iwe imekazwa na kufungwa ukutani, isining'inie kama kitanzi. Watoto wadogo wamepoteza maisha kwenye vitanzi vya mapazia. Mota haiondoi hatari hiyo kama kitanzi bado kipo pale pale.

Sasa wanaotaka usafi, yaani mota iingie ndani ya bomba isionekane. Hapo unashusha pazia, unachomoa klachi, unachungulia ndani. Usipime nje! Bomba mbili zinaweza kuwa na kipenyo kimoja kwa nje afu ndani moja ina kuta nene, nyingine nyembamba, moja ina mbavu mbili, nyingine ina mfereji mmoja unaoshika kitambaa. Napima kipenyo cha ndani kwa vernia (kile kipimo chenye taya mbili) pande mbili, afu napiga picha ya mdomo wa bomba ikiwa imenyooka mbele ya kamera, picha hiyo ndo namtumia muuza adapta, vile vipande vinavyounganisha mota na bomba. Mota za mabomba madogo zina kipenyo cha 25 au 28 mm hivi, zinazofuata ni 35 na 45, na mota haigusi bomba moja kwa moja, inagusa kwa adapta mbili. Moja iko mbele kabisa, hiyo ndo inayozungusha bomba. Nyingine ni ile pete iliyo karibu na kichwa cha mota, inazungushwa na bomba na ndo inayohesabu mizunguko ili mota ijue isimame wapi juu na wapi chini.

Hiyo pete watu wanaidharau na mimi mwenyewe niliwahi kuidharau. Kuna kazi moja nilikuta pete inacheza kidogo ndani ya bomba, nikazungusha tepu ya umeme ikabana vizuri tu, nikaweka limiti, nikajaribu mara kumi, safi. Baada ya wiki chache mteja akanipigia, pazia linashuka hadi linajilundika sakafuni. Nikalishusha, nikakuta tepu imelainika kwa joto la dirishani, pete inateleza, mota inahesabu vyake na bomba linazunguka vyake. Kuanzia hapo, adapta isipolingana kazi nasimamisha, aidha tunapata adapta yake halisi au tunabadilisha bomba zima.

Kingine, ile skrubu ya kushikilia adapta ya mbele, pima umbali wake kwenye mota ikiwa nje ndo utoboe bomba. Sehemu yote ya bomba ambayo mota imelala ndani yake usiguse na drili. Nimeshafungua bomba nikakuta skrubu imeingia kwenye mwili wa mota, na mota hiyo ilikuwa mpya.

Urefu nao unasumbua. Mota yenye betri ndani inaweza kufika nusu mita au zaidi, kwahiyo kidirisha cha choo kinaweza kuwa kifupi kuliko mota yenyewe. Na kichwa cha mota kikiwa kinene kuliko klachi uliyotoa, bomba inabidi likatwe na kitambaa nacho kikatwe, ule mwanga unaopita pembeni unaongezeka. Chumba cha kulala chenye kitambaa cha giza, yaani kile kisichopitisha mwanga, mteja ataliona hilo alfajiri ya kwanza tu, kwahiyo mwambie kabla hujakata.

Tukija kwenye jipya, mambo yanageuka. Hapa naanza na swali moja, plasta imeshapigwa? Kama bado, peleka waya. Hata kama leo unataka betri, peleka waya. Nasema hivi kwa sababu betri ni nzuri ila inahitaji kuchajiwa, na pazia lililo juu ya ngazi maana yake kila baada ya miezi kadhaa mtu anapanda na chaja. Isitoshe betri ya lithiamu haipendi joto, na mahali inapokaa ni kati ya kioo na kitambaa, juani. Paneli ndogo ya sola inasaidia, lakini kama kioo kina tinti au dirisha halipati jua usiitegemee.

Ukiwa na waya unachagua umeme wa ukutani au volti 24. Kwa mapazia ya ndani ya kawaida mimi napenda 24, mota zake nyingi ni kimya na waya wake ni salama kushika. Volti 12 inafaa ila umbali unaila. Angalia, waya wa shaba wa 1 mm² kutoka kwenye pawa saplai hadi pazia lililo mita 15, kwenda na kurudi ni mita 30, ukinzani wake ni kama omu 0.5, mota ikivuta ampea 2 umeshapoteza volti 1 njiani. Kwenye 12 hiyo ni karibu asilimia 9 na pazia litapanda kwa uvivu, kwenye 24 ni kama asilimia 4 na hutaona tofauti. Ukiamua umeme wa ukutani, muite fundi umeme, na usiunganishe mota mbili za waya nne (juu, chini, nyutro na athi) kwenye swichi moja kwa pamoja. Kapasita zake zinarudishiana umeme, moja ikishafika limiti inaanza kuchezeshwa na mwenzake na mwisho zinaungua.

Nguvu ya mota sasa, ile ya kuzungusha inayoandikwa Nm, niutoni mita. Dirisha la upana wa mita 1.8 na urefu wa 2.2, kitambaa cha giza cha gramu 450 kwa mita ya mraba, ni karibu kilo 1.8, ongeza fito ya chini kama gramu 700, jumla kilo 2.5, yaani niutoni 24.5. Bomba la 38 mm lina nusu kipenyo cha 19 mm, ila kitambaa chenye unene wa nusu milimita kikijizungusha chote kinafika karibu 27 mm. Zidisha 24.5 kwa 0.027 unapata 0.66 Nm, ongeza theluthi kwa ajili ya msuguano, ni kama 0.9. Mota ya 1.1 Nm inatosha na chenji inabaki. Ukweli ni kwamba kitambaa chote kikiwa juu kinachoning'inia ni fito tu, kwahiyo hesabu hii imejiwekea akiba kubwa. Sasa mtu ananunua mota ya 6 Nm ya nini? Unapata kichwa kinene, kelele zaidi, na siku kitambaa kimekwama kwenye kitasa cha dirisha hiyo mota haitabembeleza, itachana.

Pesa ya ziada iweke kwenye bomba. Likiwa jembamba kwa dirisha pana linapinda katikati na kitambaa kinafanya mikunjo ya V, na hakuna mota ya kutibu hilo. Na kama madirisha matatu yako ukuta mmoja, tumia bomba la saizi moja kwa yote, hata kwa lile dirisha dogo. Mzunguko mmoja wa bomba la 38 unavuta kama 119 mm za kitambaa, wa 45 unavuta 141, kwahiyo mota zile zile, kasi ile ile, fito hazitapanda pamoja hata ukiomba.

Upande wa rimoti na simu sitakaa sana. Kwenye betri epuka WiFi, inakula chaji kuliko Zigbee au Thread, zile njia nyingine za mawasiliano bila waya za vifaa vya nyumbani. Na ule uzi mwembamba unaotoka kichwani ni antena, usiukate, usiufiche ndani ya bomba la alumini wala nyuma ya breketi ya chuma.

Siku ya kufunga, iwe la zamani au jipya, kabla sijamkabidhi mtu rimoti nalipandisha na kulishusha mara kadhaa nikiwa nimesimama kwenye ngazi, jicho kwenye ukingo wa kitambaa. Mkono wa mtu ukihisi kitambaa kinakimbilia pembeni unasimama, mota haihisi, itaendelea kukisaga kwenye breketi kila asubuhi hadi ukingo uwe nyuzi nyuzi. Nikiona kimehama hata milimita 3, nanyoosha breketi kwa pima maji, kikihama tena nabandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye bomba, nakizungusha upya, na limiti naziweka mwisho kabisa.