Kutoka Lamu hadi Kilifi kwa kaskazi changa

Kila mwaka ifikapo Novemba mimi hupokea swali lile lile: "Tuondoke tarehe ngapi?" Anayeuliza ana jahazi au yoti hapa Lamu na anataka kushuka kusini, Kilifi au Mombasa, wengine hadi Unguja, na mara nyingi tarehe ameshaichagua mwenyewe kwa sababu ya harusi, mkataba au tiketi ya ndege. Nami humrudishia swali: unataka kuuingia mlango saa ngapi? Bahari kuu baina ya Lamu na Kilifi haijavunja vyombo vingi kama miamba iliyo kwenye milango ya bandari, na kwa hiyo safari yangu huipanga kuanzia mwisho wake, nikirudi nyuma hadi saa ya kung'oa nanga.

Novemba ni wakati wa tanga mbili. Kusi, upepo wa kusini, imekufa na kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, haijasimama, na katikati yake kuna matlai (upepo wa mchana utokao baharini), umande (upepo utokao bara alfajiri), na mawingu ya vuli yanayoweza kukushushia upepo wa ghafla pamoja na mvua, kisha yakakuacha katika shwari. Wazee walihesabu miongo, vipindi vya siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, ili wajue kaskazi inaingia lini. Mimi hesabu hiyo naiheshimu, lakini kipimo changu ni usiku: matlai huvuma mchana ikalala baada ya jua kutua, ilhali kaskazi iliyosimama huvuma hata usiku wa manane. Siondoki mpaka nimeisikia ikivuma kwenye makuti ya Shela, kijiji kilicho karibu na mlango wa Lamu, mikesha mitatu mfululizo, hata kama utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa umeshanipa ruhusa.

Gharama ya kutosubiri ilishalipwa zamani, na Malindi inahusika. Vasco da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 akiwa na rubani aliyeujua msimu, akafika pwani ya Calicut kabla ya mwezi kutimia. Katika kurudi hakungoja. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa bado, akakaa baharini karibu miezi mitatu katika shwari na pepo za omo, zinazovuma kutoka mbele, huku mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Alipofika tena Malindi Januari 1499 watu waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, na muda mfupi baadaye kimoja, São Rafael, kikachomwa moto kusini mwa Mombasa. Watalii huoneshwa nguzo ya da Gama pale Malindi. Hadithi ya kurudi hawasimuliwi.

Hata hivyo upepo ni nusu tu ya hesabu. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya Mombasa, Kilifi na Malindi, ukiwa na nguvu zaidi wakati wa kusi na ukipungua wakati wa kaskazi bila kugeuka. Mkondo wa Somali, kwa upande wake, hugeuka kaskazi inaposimama na kushuka kusini. Mikondo hiyo miwili hukutana katika eneo la Lamu na Malindi, na maji yake hukunja kuelekea mashariki, bahari kuu. Maana yake kwa nahodha ni mbili. Kwanza, upepo ukikusukuma kusini huku maji yakikurudisha kaskazini, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima, mabaya kuliko unavyotarajia kwa upepo ule. Pili, chombo kilichokosa upepo na injini mahali pale hakipelekwi pwani. Huenda kikapelekwa mbali nayo.

Jambo hilo nililijua kwa kusoma kabla sijalijua kwa macho. Mwaka mmoja nilikubali kuondoka wiki ya kwanza ya Novemba kwa sababu mwenye chombo alikuwa na haraka. Mbele ya Malindi upepo ulilala, tanga likalegea, foromali, mti unaobeba tanga, ikawa inagonga mlingoti kila wimbi lilipopita. Omo, yaani mbele ya chombo, ilitazama kusini, na maji ubavuni yalionekana yakisogea, lakini taa za mji zilizokuwa mbele yetu saa nne usiku zilikuwa mbele zaidi saa nane. Tulikuwa tunarudi kinyumenyume. Baharia mmoja alitupa kifuu majini ili apime mwendo, nacho kikakaa karibu nasi muda mrefu, kwa kuwa kilibebwa na maji yale yale yaliyotubeba sisi. Tangu siku hiyo mwendo wangu naupima kwa alama za pwani na kwa satelaiti.

Hesabu yenyewe ni hii. Kutoka mlango wa Lamu hadi mbele ya Malindi ni maili za bahari zipatazo 74, na kutoka hapo hadi Kilifi ni kama 30. Kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa) sehemu ya kwanza huchukua saa 15. Katika sehemu ya pili, ambako mkondo hunipinga, natoa noti 1 yake, zikabaki 4, yaani saa saba na nusu. Nikitoka saa sita mchana nitakuwa Kilifi saa nne na nusu asubuhi ya pili, jua likiwa nyuma yangu na mwamba ukionekana vizuri chini ya maji. Mkondo ukiwa noti 2, nafika saa saba mchana, nako bado kunavumilika. Lakini upepo ukinipa noti 3 tu na mkondo noti 1, safari inakuwa ya saa 40, nami nafika saa kumi alfajiri ya siku ya tatu, gizani. Nahodha asiyekuwa na maji, chakula na subira ya kungoja nje mpaka kupambazuke hajaipanga safari hii.

Kisha maji. Pwani yetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa kabisa karibu na saa nne, kwa hiyo anayetoka Lamu saa sita mchana siku hizo hukutana na maji yanayoingia kwa nguvu kati ya Shela na Ras Kitau. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, na saa sita yanakutoa taratibu. Ndiyo maana mimi huchagua siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama. Mbalamwezi hunisaidia hadi karibu na usiku wa manane, ninapoikaribia Ras Ngomeni, penye majukwaa ya chuma yaliyotumiwa na Waitaliano kurushia roketi. Hapo hukaa mbali na nchi kwa maili sita au nane, nikiuweka upepo kwenye pembe ya tezi, nyuma ya chombo kwa upande, badala ya kuuacha uje moja kwa moja kutoka nyuma, kwa sababu foromali ikijipindua yenyewe gizani inaweza kuua mtu. Ghuba ya Ungwana siikati ndani; mvua za vuli zikinyesha bara, mito ya Tana na Sabaki hutoa matope na magogo, na kaskazi huyasukuma maji hayo kusini kuelekea Malindi.

Wanaokusudia kuendelea hadi Ngazija, huko Komoro, au Msumbiji wana hesabu nyingine, maana msimu wa vimbunga huko huanza Novemba. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte, kisiwa cha upande huo, tarehe 14 Desemba 2024. Hao huwashauri waishie Unguja.

Nikifika Kilifi kabla ya alfajiri, hushusha tanga maili tano nje, nikaacha mkondo unirudishe maili moja kwa kila saa, na baharia mmoja akabaki macho akizihesabu taa za pwani mpaka mstari mweupe wa mawimbi mwambani uonekane.